Umeme wa Bendera na ngoma za London: albamu tatu za Waingereza zinatufundisha nini juu ya jasho la wanamuziki wetu?

BENDERA (Kalemie) – Kutoka mjini Kalemie mpaka Bendera ni kilometa karibu 120 kuelekea kaskazini, kwenye barabara ya taifa nambari 5, ile inayoendelea mpaka Fizi na Uvira. Hapa ndipo maji ya mto Kyimbi yanapogeuzwa kuwa umeme. Kituo kilijengwa na Wabelgiji mwishoni mwa miaka ya 1950, kina mashini mbili zenye nguvu ya megawati 17 hivi kwa jumla, na mji wa Kalemie unakitegemea mpaka leo. Mashini ikiharibika hapa, Kalemie inaingia giza, studio zinafungwa, na kijana aliyekuwa anatengeneza wimbo kwenye kompyuta anapoteza kazi ya siku nzima.

Tunaanzia Bendera kwa sababu muziki unaovuma leo duniani ni muziki wa umeme. Ngoma inapigwa, lakini inapita kwenye kompyuta, inakatwa, inarudiwa, inaongezewa nguvu. Na kwa miaka kumi na tano sasa, Waingereza wanaofanya muziki wa namna hiyo wanakuja Afrika kutafuta sauti. Wamekuja Kinshasa, wamekuja Kampala, wamealika waimbaji wa Mali na Kameruni. Vijana wa Kalemie, Uvira, Bukavu na Goma wanasikia nyimbo hizo kwenye simu na wanajiuliza: je, zamu yetu itafika lini? Na ikifika, tutapata nini?

Ili kujibu, tumechukua albamu tatu. Kila moja inaonyesha njia tofauti ya Mwingereza kufanya kazi na Mwafrika. Hakuna hata moja iliyo ya wizi wa wazi. Lakini tofauti kati yao ni kubwa, na mwanamuziki wa Tanganyika anafaa kuijua kabla mgeni hajabisha hodi.

Njia ya kwanza: sauti inayoalikwa

Disclosure ni kundi la ndugu wawili wa tumbo moja, Guy na Howard Lawrence, wazaliwa wa kusini mwa Uingereza. Wanafanya muziki wa dansi wa kompyuta. Albamu yao ya kwanza, Settle, ilitoka 2013 na kufika nafasi ya kwanza kwenye orodha ya mauzo ya Uingereza. Mwaka 2018 walitoa wimbo Ultimatum, uliojengwa juu ya sauti ya Fatoumata Diawara wa Mali, na wimbo huo ukapendekezwa kwa tuzo za Grammy. Agosti 2020 wakatoa albamu ya tatu, Energy, maana yake nguvu. Ndani yake Diawara aliimba tena, safari hii kwenye wimbo Douha (Mali Mali), na Blick Bassy wa Kameruni akaimba kwenye wimbo mwingine.

Tuangalie namna jambo lilivyokwenda. Diawara hakuwa binti asiyejulikana aliyerekodiwa kijijini akasahauliwa. Kabla ya Waingereza hao, alikuwa tayari na albamu zake, na kampuni inayouza muziki wake, na watu wanaosimamia mikataba yake. Ndiyo maana jina lake limeandikwa kwenye wimbo pamoja na la Disclosure. Mtu akitafuta wimbo kwenye mtandao anaona majina yote, anabonyeza la Diawara, anasikiliza albamu zake mwenyewe. Hiyo ni faida inayoendelea kuingia hata baada ya wimbo kupoa.

Fundisho la njia hii ni moja: aliyealikwa akiwa amesimama alipata kiti. Ndugu Lawrence wanajulikana kwa muziki mzuri, lakini Diawara hakutegemea wema wao tu. Alikuwa na karatasi.

Njia ya pili: siku tano Kinshasa

Mwaka 2011 Damon Albarn, Mwingereza wa kundi la Blur na Gorillaz, alikuja Kinshasa na watengenezaji wa muziki kama kumi, wengi wao wa muziki wa umeme. Wakajiita DRC Music. Kwa siku tano walirekodi na wanamuziki Wakongomani zaidi ya 50. Kati yao alikuwa Jupiter Bokondji na kundi lake la Okwess. Albamu iliitwa Kinshasa One Two, ikatolewa na kampuni ya Warp ya Uingereza, na faida yake ikapelekwa kwa shirika la Oxfam kwa ajili ya kazi zake hapa Kongo.

Hii ni njia ya msaada. Ina heshima yake. Wageni walikuja wenyewe, hawakukaa London na kukata sauti kutoka kanda za zamani. Majina ya Wakongomani yaliandikwa. Na kwa Jupiter, mlango ulifunguka: mwaka uliofuata alizunguka Uingereza kwa treni na msafara wa Africa Express, na 2013 albamu yake Hotel Univers ikatoka Ulaya.

Lakini msomaji wa mashariki mwa Kongo, anayeishi katikati ya mashirika ya misaada kila siku, anaelewa haraka upande mwingine. Feza ya albamu ya msaada inakwenda kwa shirika, na shirika linachimba kisima ao linapeleka dawa. Ni jambo jema. Lakini mpiga gita bado ni mpiga gita. Kodi ya nyumba yake hailipwi na kisima. Wakati muziki wa Ufaransa ao wa Uingereza unauzwa, hakuna mtu anayesema faida yote iende kwa maskini wa Paris. Inakwenda kwa mwenye wimbo, naye akitaka atatoa sadaka. Kwa nini muziki wa Mkongomani ndio unaogeuka sadaka kabla haujakuwa mshahara?

Hatusemi Jupiter na wenzake walidanganywa. Walijua mpango na walikubali. Tunasema kwamba njia hii, hata ikiwa safi, haijengi kazi ya muziki. Inafungua mlango kwa mmoja ao wawili, halafu wageni wanapanda ndege.

Njia ya tatu: kundi moja, Kampala

Njia ya tatu iko karibu nasi zaidi, ngambo ya Ziwa Albert. Mwaka 2017 Waingereza wawili wa muziki wa umeme, wanaojulikana kwa majina ya kazi Spooky-J na pq, walikutana Kampala na wapiga ngoma wa Nilotika Cultural Ensemble. Hawakurekodi ngoma na kurudi nazo kwao. Walitengeneza kundi moja, Nihiloxica, lenye Waganda na Waingereza. Ngoma ni zile za Buganda: engalabi ile ndefu, empuunyi ya sauti nzito, namunjoloba ndogo, pamoja na ensaasi zinazotikiswa. Mashini za Waingereza zinafuata mwendo wa ngoma.

Rekodi zao za mwanzo zilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kisha wakaingia Crammed Discs ya Brussels, kampuni ileile iliyotangaza Konono Nº1 wa Kinshasa. Hapo wakatoa Kaloli mwaka 2020 na Source of Denial Septemba 2023.

Jina la albamu ya 2023 ni mchezo wa maneno. Jinja, mji wa Uganda, unajulikana kama chanzo cha mto Nile. Wao wakasema chanzo cha kukataliwa. Sababu ni kwamba 2022 ziara yao ya Uingereza iliharibika kwa shida za visa. Waingereza wawili walikuwa na pasipoti ya kuingia kwao. Wenzao Waganda, wanaopiga ngoma zilezile zinazobeba kundi, walibaki mlangoni. Albamu nzima ikageuka malalamiko juu ya mfumo wa uhamiaji wa Uingereza na wa nchi nyingine za kitajiri. Ndani yake kunasikika sauti za mashini zinazoiga zile za simu za ofisi za visa, zinazomwambia mtu asubiri, kisha asubiri tena.

Kati ya njia tatu, hii ndiyo yenye usawa zaidi. Jina ni la wote. Jukwaa ni la wote. Lakini ndiyo pia inayoonyesha wazi mahali usawa unapoishia: kwenye dirisha la ubalozi. Mnaweza kuandika mkataba wa haki, mkagawana feza sawa, mkala sahani moja, halafu afisa mmoja akaamua nani anapanda jukwaani. Na mwanamuziki wa leo hapati feza nyingi kwenye mtandao. Anapata kwenye maonyesho. Anayenyimwa visa amenyimwa mshahara.

Jambo hili si la leo

Kwa sisi wa Katanga ya zamani, habari ya Mwingereza mwenye mashini ya kurekodi si mpya. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mzaliwa wa Uingereza aliyeishi kusini mwa Afrika, alimrekodi kijana mpiga gita kule Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Kijana huyo alikuwa Mwenda Jean Bosco. Wimbo wake Masanga ulisafiri Afrika nzima na kufika Ulaya na Marekani, ambako wapiga gita wanausoma mpaka sasa. Mwenda aliimba kwa Kiswahili chetu cha Katanga. Tracey aliweka kazi yake kwenye hifadhi ya muziki aliyoianzisha 1954, ambayo leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini.

Bila Tracey, huenda tusingekuwa na sauti ya Mwenda ya mwaka ule. Hilo ni la kushukuru. Lakini hifadhi kubwa ya muziki wa eneo letu iko mbali na sisi, na mwanafunzi wa Kalemie anayetaka kusikia ngoma za babu zake mara nyingi anahitaji ruhusa ya chuo cha nchi nyingine.

Kwa upande mwingine, tusidanganyike kwamba muziki wa umeme ni wa Wazungu na ngoma ni zetu. Mingiedi Mawangu, mwanzilishi wa Konono Nº1, alichukua likembe ya Bakongo, akaitengenezea maikrofoni kwa sumaku za vyuma vya gari chakavu, akaunganisha na bafle. Hakusubiri mtu wa Ulaya amfundishe. Albamu Congotronics ilipofika masoko ya nje mnamo 2004, wapenzi wa muziki wa umeme walishangaa kuona Kinshasa ilikuwa mbele yao. Baadaye Konono walifanya kazi na Björk wa Iceland na Herbie Hancock wa Marekani.

Na mashariki mwa Kongo tuna mtu wetu. Rey Sapienz ametoka upande huu wa nchi na akajenga kazi yake Kampala wakati vita ilipofanya kurudi kuwe kugumu. Mwaka 2021, pamoja na kundi lake The Congo Techno Ensemble, alitoa albamu Na Zala Zala kwa Nyege Nyege Tapes. Ni muziki wa kompyuta wenye mdundo wa Kikongomani, na habari zake ni za maisha tunayoyajua. Swali linalouma ni hili: kwa nini Mkongomani alilazimika kuvuka mpaka kuingia Uganda ili kazi yake isikike?

Karatasi kabla ya wimbo

Sehemu ya jibu ni sheria na karatasi. Kongo ina sheria ya haki za mwandishi tangu tarehe 5 Aprili 1986. Kuna pia shirika la kukusanya haki hizo, SOCODA, lenye makao Kinshasa, lililochukua nafasi ya SONECA ya zamani. Kwa hiyo hatuwezi kusema hakuna sheria. Tatizo ni umbali kati ya sheria na mtu. Mwimbaji wa Bendera anayetaka kuandikisha nyimbo zake anatazama ofisi iliyo upande mwingine wa nchi, na nchi yenyewe haina barabara ya moja kwa moja kutoka ziwani mpaka mji mkuu.

Jambo wanalochanganya vijana wengi ni kwamba wimbo mmoja una haki mbili. Ya kwanza ni ya utunzi: maneno na sauti zilizobuniwa. Ya pili ni ya rekodi yenyewe: ile faili iliyotoka studio. Mtunzi anaweza kuwa na ya kwanza, na mwenye studio ao kampuni akawa na ya pili. Mgeni akikata sekunde kumi za ngoma yako na kuziweka kwenye wimbo wake, kwa kawaida anahitaji ruhusa ya pande zote mbili.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Wimbo umeingiza dola 1,000. Kama mpiga ngoma alilipwa dola 20 siku ya kurekodi na hakuandikwa popote, amemaliza. Wimbo ukifika dola 100,000, yeye bado ana 20 zake, na huenda alizitumia siku ileile kununua unga. Lakini kama aliandikwa kuwa na asilimia 10 ya utunzi, kila mara feza ya utunzi inapogawanywa, fungu lake linatoka. Tofauti kati ya watu hao wawili inaweza kuwa ukurasa mmoja uliotiwa sahihi kabla ya kuondoka studio: nani alitunga nini, nani alipiga nini, kila mtu ana asilimia ngapi.

Kazi hiyo haihitaji wakili wa Kinshasa. Inahitaji kalamu, majina kamili, tarehe, na ujasiri wa kumwambia mgeni, ao hata rafiki, tuandike kwanza. Kwetu watu wanaona haya kudai karatasi kwa mtu aliyekula nao. Wanaona ni kama kumwita mwizi. Lakini Diawara na Disclosure wana karatasi na bado wanafanya kazi pamoja. Karatasi haivunji urafiki. Inauzuia kuvunjika siku feza inapofika.

Ngoma za ukoo zinaleta shida zaidi. Mdundo wa Waluba, wa Wabembe ao wa Waholoholo hauna mtunzi mmoja. Mgeni akiurekodi, anaweza kusema ni wa watu wote, hivyo si wa mtu. Hapo machifu na vikundi vya utamaduni wanafaa kukubaliana mapema: nani anazungumza kwa niaba ya kundi, na feza ikitoka inakwenda wapi. Nihiloxica walipata njia rahisi kwa sababu walikuta Nilotika, kikundi kilichokwisha kujipanga. Wageni wakifika Kalemie kesho, watamkuta nani?

Mlango wa visa unazidi kuwa mwembamba

Wakati Nihiloxica walipotoa albamu yao ya malalamiko, baadhi ya watu walidhani ni hasira ya wasanii tu. Tangu hapo mambo yamekuwa magumu zaidi, hasa kwetu. Mwishoni mwa Desemba 2025, serikali ya Uingereza ilitangaza hatua za visa dhidi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Huduma ya kushughulikia maombi kwa haraka iliondolewa, na viongozi wakapoteza upendeleo waliokuwa nao. London ilisema Kinshasa haishirikiani vya kutosha katika kuwapokea watu wanaofukuzwa Uingereza. Angola na Namibia, zilizokuwa zimeonywa pamoja na Kongo, zilikubali masharti na zikaepuka.

Hatua hizo hazikuandikwa kwa ajili ya wanamuziki. Lakini mwanamuziki ndiye anayeumia haraka, kwa sababu maonyesho yana tarehe. Mfanyabiashara akichelewa wiki mbili, anasogeza kikao. Tamasha la Julai halisogezwi. Bila huduma ya haraka, mwaliko unaofika kwa kuchelewa, na kwa wasanii wadogo mialiko mara nyingi hufika kwa kuchelewa, unakuwa karatasi ya kumbukumbu tu.

Kwa mtu wa Tanganyika kuna mzigo wa ziada. Lazima apate pasipoti. Lazima apande ndege mpaka Kinshasa kutoa alama za vidole. Lazima alipe ada ya visa, ambayo kwa ziara fupi ya Uingereza imepita pauni 120, na haitarudishwa akikataliwa. Lazima aonyeshe akaunti ya benki yenye feza inayotosha, wakati feza yake yote inapita kwenye simu. Afisa anayesoma faili hiyo haoni mpiga ngoma. Anaona kijana asiye na mshahara, kutoka eneo lenye vita, na anajiuliza kama atarudi.

Vita yenyewe imefunga hata njia za ndani. Goma ilianguka mikononi mwa M23 Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari, na Desemba mwaka huohuo vita ikafika Uvira. Goma ndiyo ilikuwa mji wa tamasha la Amani, lililoanza 2014 na ambalo lilikuwa jukwaa kubwa la wasanii wa mashariki. Mwanamuziki wa Kalemie aliyekuwa akiota kupanda Goma ili aonekane na wageni amepoteza ngazi ya kwanza, kabla hata ya kufikiria London. Boti zinazofika bandarini Kalemie zimeleta wakimbizi, na kati ya wakimbizi kuna waimbaji, wapiga gita na watengenezaji wa nyimbo. Kalemie ina vipaji zaidi leo kuliko miaka mitano iliyopita. Haina mahali pa kuviweka.

Tunarudi kwa umeme

Hapo ndipo Bendera inaingia tena katika hesabu. Mwaka 1965, Juni, waasi wakisaidiwa na Wakuba wa Che Guevara walishambulia kambi ya jeshi iliyolinda kituo hiki cha umeme. Walishindwa, na Wakuba wanne wakafa. Watu walipigana hapa kwa sababu walijua thamani ya mahali. Miaka sitini baadaye, thamani hiyo bado inaonekana zaidi kwenye ramani kuliko ndani ya nyumba.

Kwa nchi nzima, ni karibu mtu mmoja tu kati ya watano anayepata umeme. Waya kubwa inayotoka Inga mpaka Katanga inapita juu ya vijiji ambavyo usiku vinawasha vibatari. Huku kwetu, kijana anayetaka kutengeneza wimbo anatafuta jenereta ao sahani ya jua. Lita moja ya petroli inakuwa gharama ya wimbo. Saa tatu za jenereta zinaweza kuzidi alicholipwa kwa harusi aliyoimba Jumamosi. Ndiyo sababu nyimbo nyingi zinarekodiwa kwa haraka, usiku, na kutoka na makosa ambayo redio za ngambo hazitakubali.

Na kuna mzaha mchungu ndani yake. Mashini zinazotengeneza muziki wa London zina madini ya kwetu. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, ile ya betri. Koltani ya Kivu na Tanganyika inaingia ndani ya simu na kompyuta. Manono, katika jimbo letu hilihili, inangojewa na makampuni kwa sababu ya litiamu yake. Madini yanaondoka bila kuombwa akaunti ya benki. Ngoma ikitaka kufuata njia ileile, inaombwa karatasi kumi.

Nini kinaweza kufanyika bila kungoja London

Hatuwezi kubadilisha sheria ya uhamiaji ya Uingereza kutoka Bendera. Lakini kuna mambo yaliyo ndani ya uwezo wa jimbo, na hayahitaji mabilioni.

La kwanza ni umeme wa saa zinazojulikana. Mwanamuziki, kama fundi wa kushona ao wa kuchomelea vyuma, anaweza kupanga kazi yake akijua kuran itakuwapo kutoka saa fulani mpaka saa fulani. Kinachomuua ni kutojua. SNEL ikitangaza ratiba na kuiheshimu, itakuwa imesaidia utamaduni kuliko hotuba nyingi.

La pili ni ofisi. Wizara ya utamaduni ya jimbo na SOCODA wanaweza kuwa na mtu mmoja Kalemie wa kupokea maandikisho ya nyimbo, mara moja kwa mwezi hata kama si kila siku. Rumba ya Kongo iliingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika Desemba 2021, na viongozi walishangilia. Urithi unaoshangiliwa Kinshasa ungelindwa vizuri zaidi kama mtunzi wa Bendera angejua pa kuupeleka wimbo wake.

La tatu ni wanamuziki wenyewe. Kikundi chenye jina, orodha ya wanachama, akaunti moja na karatasi ya mgawanyo ndicho kitakachoalikwa na kulipwa. Kampala inatufundisha hilo. Tena Kampala, Kigoma na Dar es Salaam zinafikika kwa gharama ndogo kuliko London. Kongo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Mwimbaji wa Kiswahili cha Kalemie ana wasikilizaji mamilioni ngambo ya ziwa wanaoelewa kila neno lake. Soko la kwanza liko hapo.

Albamu tatu tulizozitazama zinaonyesha kwamba masikio ya nje yako wazi. Mdundo wetu haupungukiwi na wapenzi. Kinachopungua ni jina kwenye karatasi, mhuri kwenye pasipoti, na umeme ukutani. Mawili ya mwanzo yanahitaji muda. La tatu linatoka hapa Bendera kila siku, likishuka na mto Kyimbi, na jimbo ndilo linaloamua litamfikia nani.